Sauti Zilale Nyumbani

Annegret Pohlenz alikuwa mtu wa hasira, na hakuona haya kwa hilo. Sisi wa Grünroda, mji mdogo wa mashariki ya Ujerumani, tulishamzoea. Ukimkuta kwa muuza nyama anagomba kwamba soseji zimejazwa mafuta, unasimama nyuma yake unangoja zamu yako, maana mara nyingi alikuwa anasema kweli, na wewe mwenyewe ulikuwa unataka kusema hayo hayo ila huna ubavu.

Hasira yake kubwa ilikuwa ya kiwanda. Aliingia kiwanda cha soksi akiwa msichana wa miaka kumi na sita, akasimama mbele ya mashine za kufuma mpaka ukuta ulipoanguka kule Berlin na mabwana wenye mikoba wakaja kutoka magharibi kukagua. Walikagua, wakatabasamu, wakanywa kahawa yetu. Haukupita muda wanawake wote wakawa nje ya geti, kila mmoja na kikombe chake cha chai mkononi, na mashine zikauzwa kama vyuma chakavu. Annegret akaenda kupika katika shule ya chekechea. Akamenya viazi huko mpaka akastaafu, lakini kiwanda hakikumtoka moyoni. Kilichomchoma zaidi ni kwamba katika kila kitabu kilichoandikwa kuhusu mji wetu, kiwanda kilikuwa na wakurugenzi, kilikuwa na bomba refu la moshi, kilikuwa na medali, ila hakikuwa na mwanamke hata mmoja.

Kwa hiyo alipostaafu alinunua kinasa sauti kidogo akaanza kuwatembelea wenzake wa zamani, Liesbeth Meinhold miongoni mwao, mmoja mmoja, na keki ya plamu mkononi. Watu wa milima yetu hawafungui mdomo mezani patupu. Ukiweka keki, wanaanza na hali ya hewa, wanapita kwenye magonjwa, na kipande cha pili kikiisha wameshafika kiwandani. Walimweleza juu ya vidole vilivyokatwa, mimba zilizofichwa chini ya aproni, na msimamizi aliyependa kupita karibu mno nyuma ya wasichana. Lakini kabla hajabonyeza kitufe, karibu kila mmoja aliuliza swali moja.

“Sauti yangu italala wapi?”

Hawakuuliza kwa upuuzi. Hawa ni watu waliosikilizwa maisha yao yote bila kuulizwa. Watu wa usalama wa serikali ile ya kabla ukuta haujaanguka walikuwa na chumba kizima cha majalada juu yao, nani alisema nini wakati wa mapumziko ya chai, nani alipata kifurushi kutoka kwa shangazi wa magharibi. Annegret alikuwa akiwajibu, mkono kifuani: “Italala hapa hapa Grünroda. Haitoki nje ya mji huu.”

Wa mwisho kukubali alikuwa Hella Uhlmann. Hella alikuwa kiongozi wa zamu siku Annegret anaanza kazi, na hata sasa, Annegret akiwa na mvi kichwa kizima, bado alimwita “we binti.” Alikataa keki mara mbili. Mara ya tatu alikula, akajifuta mdomo, akasema kwenye kinasa sauti jambo ambalo hakuna mtu Grünroda aliyekuwa na uhakika nalo: kwamba kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu wa usalama habari za zamu yake. Akataja majina ya aliowaandika. Jina la Liesbeth lilikuwemo, na la Annegret.

Annegret hakuzima kinasa sauti. Alikaa, shingo imemsimama kama gogo, akasikiliza mpaka mwisho.

“Nikifa, wasikie,” Hella alisema. “Si kabla. Nina wajukuu wanaokuja Jumapili.”

“Nimekuelewa.”

“Nakupa wewe, binti. Sikupi mtu mwingine.”

Annegret alirudi nyumbani akavunja sahani mbili, kwa makusudi. Kisha akakubali. Ahadi ilikuwa ahadi, hata kwa mtu kama yule, na pengine hasa kwa mtu kama yule, ili aone ahadi inavyotunzwa.

Sauti zote zilikuwa mali ya Chama cha Historia ya Mji, ile ya Hella ikiwa na agizo isifunguliwe mpaka afe, na vyombo vya chama vilikuwa mikononi mwa Thoralf Kunze, fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Thoralf alikuwa mtu mwema, mwepesi wa kusaidia, na mwenye ugonjwa wa kupenda kila kitu kipya. Siku moja alimtumia Annegret kiungo kwenye simu, abonyeze asikilize kama sauti zinatoka vizuri. Annegret akabonyeza. Ukurasa uliofunguka ulikuwa wa kampuni moja kubwa ya ng'ambo, wale wanaokupa nafasi ya bure kuweka vitu vyako kisha wanakaa navyo.

Mkutano wa chama uliofuata ulikuwa moto.

“Umewapelekea?” Annegret aliuliza, hata koti hajavua. “Umechukua sauti ya Liesbeth, umechukua sauti ya Hella, ukawapelekea watu usiowajua hata kwa sura?”

“Annegret, kila mtu anaweka huko.”

“Kila mtu alikuwa anapiga saluti vilevile. Toa!”

Thoralf aliinua mikono. Alisema atazitoa, atafuta kila kitu kule, na chama kitakuwa na seva yake chenyewe, ndani ya kibanda cha mlinzi getini pa kiwanda, ambacho ndicho ofisi yetu. Watu wakapiga makofi. Kisha akawaonyesha programu aliyoichagua, na hapo ndipo mori ulipompanda Annegret upya. Ilikuwa na kalenda, na baraza la mazungumzo, na mahali pa kupigia kura, na mahali pa kupangiana zamu za kuosha vyombo baada ya sherehe.

“Mimi sikuomba ghorofa,” alisema. “Niliomba kabati. Niweke faili hapa, itokee kule. Basi.”

“Lakini ukiyavulia nguo maji, si uyaoge?”

“Oga wewe. Mimi nataka kunawa mikono.”

Watu walicheka, kisha wakanyoosha mikono wakachagua ghorofa. Ndivyo tulivyo. Tukipewa kuchagua kati ya jembe na trekta tunachukua trekta, halafu tunalima bustani ya vitunguu nalo.

Kipupwe chote kile trekta liligoma. Kila programu ilipojisasisha, kitu kimoja kilivunjika, na Thoralf alishinda kibandani na tochi mdomoni. Kila mwanachama alipewa nenosiri lake na kila mwanachama akalisahau. Kura ya aina ya saladi ya viazi kwa sherehe ilifanyika bila tatizo, lakini ukitaka kufungua sauti ya Liesbeth Meinhold, duara dogo linazunguka kwenye kioo mpaka kahawa yako inapoa. Mwishowe watu wakarudi kutumiana picha kwa simu, kimya kimya, kupitia kampuni ile ile waliyoikimbia au dada yake. Annegret alipogundua hilo hakusema kitu, na sisi tuliomjua tukaogopa.

Alikwenda nyumbani akakaa na kompyuta yake. Hakuwa mtaalamu na hakujidai. Alisoma, akauliza, akatukana, akajaribu. Programu moja ilitaka kwanza ujenge ghala la taarifa, naye akauliza ghala la nini, kwani yeye anauza mahindi? Nyingine ilikuwa nyepesi, lakini ilikulazimu ufungue mtandao kila mara na kupakia faili kwa mkono, na alijua kina mama wa chama wasingefanya hivyo hata mara mbili. Ya tatu haikuwa na sura ya kupendeza hata kidogo. Kazi yake ilikuwa moja: folda ya kompyuta hii ifanane na folda ya kompyuta ile. Mashine zinatambuana zenyewe kwa namba ndefu, na hakuna mtu wa katikati anayeshika mzigo.

“Hii,” Annegret alisema. “Hii ni kabati.”

Safari hii hakuomba kura. Alisimama kwenye mkutano akasema ama hii, ama yeye na kinasa sauti chake wanaondoka chamani. Tukakubali haraka. Ikawekwa kwenye mashine tatu: ya kibandani, ya kwake, na ya Sieglinde Roßberg, mweka hazina. Ghorofa la Thoralf likafutwa, diski yake ikapewa kazi mpya. Na kweli, kitu kilifanya kazi. Uliweka hapa, kikatokea kule. Hata Thoralf alitikisa kichwa kwa kukubali, ila alitoa neno moja.

“Kioo si akiba, Annegret. Ukijipaka masizi usoni, na kioo nacho kinakuwa na masizi.”

“Unasemaje?”

“Mtu akifuta faili mashine moja, inafutika zote. Weka diski ya pembeni, kila usiku ijinakilie.”

Annegret hakupenda kufundishwa na Thoralf, lakini kiziwi hakuwa. Diski ikanunuliwa, ikachomekwa kibandani, ikaamriwa ifanye kazi kila usiku. Naye kwa kuwa hakutaka sauti zizagae, akafuta zilizobaki kwenye kinasa sauti.

Kwenye majira ya kuchipua, kabla ya Pasaka, mji wetu huoshwa. Madirisha yanafutwa, mazulia yanapigwa fimbo uani, na asiyefanya hivyo anasemwa mpaka Krismasi. Sieglinde Roßberg alimaliza madirisha, akamaliza kabati la jikoni, akaona na kompyuta yake imejaa. Akakuta folda kubwa yenye majina ya wanawake, karibu wote marehemu. Akajiambia, hizi si zipo kibandani na kwa Annegret? Yangu ya nini? Akazifuta, akamwaga na pipa la taka, akaenda kulala na dhamiri safi kabisa.

Asubuhi Annegret alifungua folda yake ikawa tupu. Alikimbia kibandani bila kufunga vifungo vya koti. Tupu. Akampigia Thoralf, Thoralf akaja na ovaroli la kazi, akafungua diski ya akiba. Ilikuwa nyeupe kama siku ilipotoka dukani.

“Haijanakili hata usiku mmoja,” Thoralf alisema. Alitazama chini ya meza, akaona ekstensheni yenye swichi nyekundu. “Nani anazima hii jioni?”

Hakuna aliyehitaji kujibu. Grünroda kuacha taa nyekundu ya swichi ikiwaka ukitoka ni kama kuacha bomba la maji wazi. Mama zetu walitufundisha hivyo kwa makofi. Na anayetoka mwisho kibandani, anayefunga mlango na kuweka ufunguo mfukoni, kila siku alikuwa mtu mmoja.

“Mimi,” Annegret alisema.

Wiki ile alimpa Sieglinde vidonge vyake mbele ya kanisa, watu wakisikia, mpaka yule mama akalia. Haikumsaidia. Hasira ya kumkasirikia mwingine ina utamu wake, lakini hii ilikuwa imekula ndani na yeye alijua. Diski zilipelekwa kwa fundi wa mjini, zikarudi na vipande: nusu ya kicheko cha Liesbeth, kijiko kikigonga kikombe, mtu akisema “na hapo ndipo,” kisha basi. Wanawake wale wote walikuwa wamekufa isipokuwa Hella. Hapakuwa na keki ya kuwarudisha.

Ndipo Thoralf akaja jikoni kwake. Alikataa kukaa.

“Zipo,” alisema.

“Nini zipo?”

“Sauti. Zote. Na ya Hella.”

Annegret alishika ukingo wa meza. Kwa muda mfupi alifurahi kama hajawahi kufurahi, na hilo baadaye lilimuudhi kuliko yote. Kisha akauliza, “Zipo wapi?”

“Kule kule.”

“Kule kule wapi?”

“Kwenye ile kampuni. Sikufuta. Ulipoleta lile kabati lako nikawa naingia kibandani naongeza na zile mpya ulizowarekodi wale wale.” Thoralf alitazama vigae. “Sikuwa na imani na kile kitu, Annegret. Niliweka kwa ajili yako. Nilijua siku moja utanishukuru.”

Katika mji wetu watu wakishagonga glasi na kukubaliana kuitana kwa majina ya kwanza, hawarudi nyuma. Unaweza kumshtaki mtu mahakamani kwa ajili ya ua wa bustani na bado ukamwita jina lake la kwanza. Annegret na Thoralf walikuwa wamegonga glasi tangu watoto wa Thoralf walipokuwa wanakula viazi vyake chekechea.

“Bwana Kunze,” Annegret alisema.

Thoralf alipauka. “Usinifanyie hivyo.”

“Bwana Kunze, ulisimama mbele ya watu ukasema umefuta.”

“Bila mimi usingekuwa na kitu!”

“Najua. Ndiyo maana siwezi hata kukupiga. Fungua hiyo mashine, nipe vilivyo vyetu, kisha ufute mbele yangu.”

Alizichukua. Nani asingezichukua? Thoralf akafuta kule, yeye akiwa amesimama nyuma ya bega lake, ingawa wote wawili walijua kwamba kufuta katika nyumba ya mtu mwingine ni kumwamini mwenye nyumba. Alipofika mlangoni Thoralf akageuka.

“Hella hana haja ya kujua. Asichokijua hakimuumizi.”

“Hayo ndiyo waliyokuwa wanayasema wao, Bwana Kunze. Kwaheri.”

Kesho yake alikwenda nyumba ya wazee na kompyuta kwapani. Hakupeleka keki, maana aliona keki siku ile ingekuwa hongo. Hella alikuwa dirishani, blanketi magotini, macho makali vilevile. Annegret akamweleza lote: kampuni, ghorofa, kabati, madirisha ya Sieglinde, swichi, Thoralf. Hakujificha nyuma ya mtu.

Hella akauliza, “Nani amesikiliza?”

“Sijui.”

“Mmoja? Wengi?”

“Labda hakuna. Labda mashine tu. Sijui, Hella, na siwezi kujua.”

“Ndivyo ilivyokuwa kwenu,” Hella alisema polepole. “Miaka yote ile. Nyinyi mnaongea, na hamjui nani anasoma.” Akavuta blanketi. “Kumbe ndivyo inavyokuwa. Futa.”

“Sasa imerudi. Iko kwangu, na kibandani nimeondoa ile ekstensheni.”

“Futa, binti.”

Annegret alihisi damu inampanda mpaka masikioni. “Wewe unajua unachofuta? Ni mahali pekee ulipokiri. Liesbeth alikufa anamshuku dada yake! Dada yake mwenyewe, Hella, mpaka kaburini, na aliyeandika ulikuwa wewe. Watoto wake wana haki ya kusikia. Mimi nina haki. Jina langu limo mle.”

“Unayo.”

“Basi usiniambie futa.”

“Nilikupa kwa sharti. Sharti limevunjika. Hao wengine umewavunjia vilevile, ila wao huwezi kuwauliza. Mimi unaniuliza, na mimi nakujibu.”

Annegret alisimama pale na kompyuta mikononi kama mtu aliyebebeshwa mtoto wa wenyewe. Angeweza kuondoka. Hella asingeweza hata kumfuata mpaka mlangoni, wala asingejua kamwe. Alilifikiria hilo, akaona jinsi lilivyo jepesi, akaelewa kwamba watu wa usalama nao walikuwa wanaanzia hapo hapo, kwenye jambo zuri ambalo mwenyewe hana haja ya kujua.

Akaweka kompyuta magotini mwa Hella ili aone kioo vizuri. Akalitafuta jina. Akafuta, akamwaga pipa, akijua na ya kibandani itafutika yenyewe, kisha akafungua na diski ya akiba aliyokuja nayo mfukoni akafuta na humo. Hella alifuata kila hatua, midomo ameibana, mpaka jina halikuonekana tena popote.

“Unanikasirikia,” Hella alisema.

“Ndiyo.”

“Kwa sababu nilikuandika?”

“Hilo nililimaliza zamani, kwenye sahani.” Annegret alifunga kompyuta kwa kishindo. “Nakukasirikia kwa sababu una haki. Wewe, kati ya watu wote.”

Hella akakisukuma kwa mguu kiti cha pili kilichokuwa karibu na dirisha.

“Basi kaa,” alisema. “Kasirika umekaa. Nitakwambia tena kuhusu Liesbeth, na safari hii uende mwenyewe kwa watoto wake, kwa miguu, uwaambie umesikia kwangu.”